Kizibo cha Mzee Mwinchande

Hapo zamani za juzi, Mzee Mwinchande aliamua kuwafungia maji wapangaji wake, kisa wamekataa kumwoshea gari. Akamwita Sikudhani, fundi bomba.

“Ziba bomba la uani. Nikishindwa kulifungua mimi, hao hawaliwezi.”

Sikudhani akayapaka grisi meno ya bomba, akakizungusha kizibo, kisha akakipaka na kwa nje.

“Na huko nje ya nini?”

“Kuzuia kutu, baba. Haya, jaribu.”

Mzee akang'ang'ana mpaka kofia ikamdondoka. Kizibo hakikutikisika.

“Binti, una mkono wa chuma,” akasema, akaondoka akichekelea.

Alipokata kona, Sikudhani akakifuta kizibo kwa upindo wa kanga, akakifungua kwa vidole viwili.

“Kina mama, leteni ndoo. Mkimaliza mkirudishe, na msisahau kumpakia mzee grisi yake.”