Zamu ya Maji ya Mama Nakiete

Hapo zamani, mashamba yalipoanza tu kuezekwa nailoni milimani Upare, Mama Nakiete alikuwa na zamu ya maji ya ndiva, bwawa la kijiji, kila Alhamisi. Zamu haigawanywi, hushikwa na mkono mmoja. Alipochoka kulima, aliwaambia wanawe watatu: "Atakayeniletea nyanya zenye afya, zamu ni yake."

Nambua, binti wa pekee, alipanda nje, juani. Pasipo zamu ile, kiangazi kingelikausha shamba lake, naye angerudi kufanya kibarua katika mashamba ya watu. Kaka yake Kangero alijenga kitalunyumba, nyumba ya miti na nailoni. Mdogo wao Senzige hakupanda kitu.

"Wewe utavuna usingizi," Nambua alimtania.

Mvua ikaja, ikaja na mnyauko, ugonjwa uendao na tope. Nambua akang'oa mimea iliyougua, akachoma. Akang'oa tena, akachoma tena. Ikabaki arobaini, imesimama. Kwa Kangero mvua haikuingia. Mimea yake ilirefuka, ikachanua, kisha maua yakapukutika bila tunda.

"Mdogo wangu, nimekosea wapi?" alimwuliza Nambua.

"Umewafungia nje upepo na nyuki, kaka. Tikisa kamba zinazoishikilia mimea, kila asubuhi jua likipanda."

Nambua alijua anampa mshindani wake silaha; akampa. Maua yakageuka matunda.

Alipokwenda kuyaona, Senzige, aliyejipa kazi ya kulinda kitalunyumba, alimzuia mlangoni. "Dada, vua viatu. Tope la kwako lina mnyauko."

"Nyumba nimeiponya mimi, leo nimekuwa uchafu?"

"Hata mama amenawa miguu, dada."

Akanuna, akavua. Kitalunyumba cha jirani, kisicho na mlinzi, kilinyauka chote kwa juma moja. Cha Kangero kikasalimika.

Siku ya mavuno Kangero aliweka matenga ishirini. "Nimejenga mimi," alisema.

Nambua aliweka mawili. "Zangu zimeishinda mvua bila paa. Na zake zimezaa kwa neno langu."

Senzige alikuja mikono mitupu. "Bila mimi mlangoni, matenga ishirini yangekuwa majivu."

Mama alionja za ndani, akaonja za nje, akacheka kidogo. "Zote zina afya. Nimelea vyema, nami nimejitega mwenyewe."

Alhamisi imefika, ndiva imejaa pomoni. Nambua amesimama na jembe lake begani, hathubutu kumtazama mama machoni. Nyinyi mliosikia, msaidieni mama kuamua: kati ya aliyejenga, aliyefundisha na aliyelinda, ni nani astahiliye kuyafungulia maji?