Haragwe Jeusi Lenye Kovu

Mbegu haisomi andalio. Ndivyo Mwalimu Mkuu alivyowaambia asubuhi alipowarudishia daftari lenu la maandalio ya masomo bila kulitia saini, na tangu hapo mmekaa kama watu walioketi juu ya siafu. Yusta, endelea kukata vitambaa vya somo lenu la mbegu. Gwamaka, toboa makopo polepole, matundu mawili chini yanatosha. Mikono ikifanya kazi masikio hayazibwi. Mmeniuliza maneno hayo yametoka wapi. Nitawaeleza yalivyoanza, maana yalianzia katika shule hii hii, katika chumba kile ambamo siku hizi tunaweka majembe.

Miaka ile serikali ilitaka kila mtoto awe shuleni, na walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakafundisha asubuhi na kujifunza ualimu mchana. Mmoja wao alikuwa Mwalimu Tweve. Alikuwa mwembamba, mwenye shati moja jeupe ambalo halikuwahi kuonekana na doa, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mwalimu yeyote hapa. Alifundisha Sayansi darasa la pili. Nayajua haya kwa sababu nilikuwa mmoja wa watoto wake arobaini na wawili.

Mwalimu Tweve alikuwa amebakiza jambo moja tu apate cheti chake: mkaguzi aketi nyuma ya darasa, amwone akifundisha kipindi kimoja, aridhike. Mwaka uliotangulia mkaguzi hakuridhika. Alisema somo lilikuwa maneno matupu, watoto hawakushika kitu wala kuona kitu. Kama safari hii pia ingeshindikana, Mwalimu Tweve angerudi kwao kulima pareto, na kila mtu kijijini alilijua hilo. Hata sisi watoto tulilijua, kwa sababu mama zetu walilizungumza kisimani.

Basi akachagua somo la kuota kwa mbegu. Kitabu cha mwongozo kilieleza kila kitu: mbegu za maharage ziwekwe juu ya kitambaa chenye unyevu, watoto wazitazame kila siku, na siku ya nne zitakuwa zimetoa mzizi. Mkaguzi alitarajiwa siku ya Alhamisi. Mwalimu Tweve akahesabu kurudi nyuma, akaona Jumatatu ndiyo siku ya kuanza.

Sasa sikilizeni desturi ya walimu wa wakati ule, maana hapo ndipo penye mzizi wa habari. Mwalimu Mkuu alitia saini maandalio Jumatatu asubuhi, mara moja kwa wiki. Kwa hiyo walimu waliandika maandalio ya wiki nzima Jumapili baada ya kanisa, na ili ukurasa usionekane una pengo, walijaza mpaka chini kabisa, penye tathmini na maoni. Somo la Alhamisi lilikuwa limekwisha kueleweka tangu Jumapili. Hakuna aliyeona kuwa ni uongo. Ilikuwa kama kuitikia "salama" hata ukiwa na homa. Mwalimu Tweve naye akaandika, kwa mwandiko wake ule wa kupendeza: "Somo limefanikiwa. Watoto wote wameona mbegu zilizoota." Mwalimu Mkuu akatia saini.

Jumatatu kila mtoto alikuja na haragwe lake kutoka nyumbani. Walikuja na ya njano, mekundu, ya madoadoa. Langu lilikuwa jeusi. Bibi alilitoa kwenye kibuyu chake cha mbegu, na lilikuwa na kovu jeupe ubavuni, mahali ambapo mdudu alianza kula akaacha. Nililipenda kwa sababu ya lile kovu. Na nilikuwa na sababu nyingine. Nilikuwa sijui kusoma. Wenzangu walikuwa wanasoma sentensi nzima ubaoni, mimi nilikuwa bado napapasa silabi. Lakini katika maharage hakuna aliyekuwa amenitangulia. Sote tulianza siku moja, kila mtu na kopo lake.

Kulikuwa na jambo moja ambalo kitabu hakikulisema. Kitabu kiliandikwa na watu wa joto. Sisi tunakaa huku juu, na ule ulikuwa mwezi wa Juni, asubuhi majani yote ni meupe kwa sakitu, umande ulioganda, na madirisha ya darasa letu yalikuwa matundu tu yasiyo na vioo. Jumanne tulipofungua makopo, maharage yalikuwa yamevimba kidogo. Jumatano yalikuwa vilevile. Nilikwenda kulitazama langu kabla ya mstari wa asubuhi, nikaenda tena wakati wa mapumziko, nikaenda tena kabla ya kurudi nyumbani. Kila nilipokwenda nilimkuta Mwalimu Tweve naye amesimama pale. Alikuwa akiinua kitambaa hiki, anakirudisha, anainua kingine. Aliyahamishia makopo dirishani penye jua, kisha akayarudisha ukutani kwa kuogopa upepo. Aliongeza maji, halafu akayamwaga. Alituambia tukae chini, na sisi tulikuwa tumekwisha kukaa.

Wala msifikiri kwamba hakujihadhari. Jumatatu ile ile jioni, alipoona baridi ilivyo, alichukua maharage mengine ya njano aliyokuwa ameyaweka ya kupika nyumbani kwake, akayaloweka, akayaweka katika kitambaa karibu na mafiga. Alhamisi alfajiri yalikuwa yametoa vijizizi vyeupe, kila moja.

Asubuhi hiyo, wakati sisi tukiwa kwenye mchakamchaka, tunazunguka uwanja tukiimba na mvuke unatoka midomoni, Mwalimu Tweve aliingia darasani na kile kitambaa chake. Alitoa maharage yetu moja moja akayatia katika boksi la chaki, akaweka ya kwake. Alifanya haraka. Ninavyomfahamu, nadhani alikuwa akitupa jicho mlangoni kila mara. Lakini hilo sikuliona, na nisiloliona siwezi kuliapia.

Mkaguzi alikuja, mzee mnene kidogo aliyevaa koti zito. Aliketi kwenye dawati la nyuma, magoti yake yakagusa ubao wa dawati. Mwalimu Tweve alianza vizuri. Aliuliza maswali, tukajibu kwa pamoja. Kisha akasema tufungue makopo.

Darasa zima likapiga kelele ya furaha. Mimi peke yangu nilibaki nimeinama. Ndani ya kopo langu kulikuwa na haragwe la njano, zuri, lenye mzizi. Nikalitazama. Nikainua kitambaa nikatazama chini yake. Halafu nikainua mkono.

"Mwalimu, hili si langu."

Akasema kwa sauti ya chini, "Ni lako, Atuganile. Limebadilika kwa sababu limeota."

"Langu ni jeusi, Mwalimu. Lina kovu."

Sasa na wengine wakaanza kuangalia. Aliyeleta la madoadoa aliona la njano. Aliyeleta jekundu aliona la njano. Kelele za furaha zikakatika. Mkaguzi akainuka taratibu kutoka kwenye lile dawati dogo, akaja mbele, akaomba daftari la maandalio. Akasoma kuanzia juu hadi chini. Alipofika chini akasoma kwa sauti, si kwa kufoka, kama mtu anayesoma barua ya ndugu yake:

"Siku ya nne, mbegu zote zitakuwa zimeota. Somo limefanikiwa. Watoto wote wameona mbegu zilizoota." Akamtazama Mwalimu Tweve. "Haya yameandikwa lini?"

Mwalimu Tweve akaokota kipande cha chaki. Mkaguzi akanigeukia mimi.

"Na lako jeusi, mwanangu, jana lilikuwa limeota?"

"Halikuwa limeota."

"Kwa nini, na hapa imeandikwa zote zimeota?"

Ndipo jirani yangu wa dawati, Lutengano, akasema. Watu wengine husimulia kwamba ni mimi niliyesema, lakini si mimi. Alisema Lutengano, na alikuwa ananitania, kama alivyokuwa akinitania kila siku.

"Haragwe lake halijui kusoma. Limemfuata mwenyewe."

Darasa likaangua kicheko. Niliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa kopo. Hata mkaguzi alicheka kidogo, akajizuia. Mwalimu Tweve peke yake hakucheka. Alisimama, chaki mkononi, akawa kama mtu aliyekuwa akitembea gizani akajigonga mlangoni. Kisha akaja mpaka kwenye dawati letu.

"Lutengano, nyamaza. Mbegu haisomi andalio, iwe ya Atuganile au ya nani. Mimi ndiye niliyesoma, na mimi ndiye niliyeandika kabla ya kuona." Akamgeukia mkaguzi. "Maharage yao yamo kwenye boksi la chaki, mzee. Niliyabadili asubuhi. Haya yaliota jikoni kwangu."

Alilileta lile boksi mwenyewe, akalimimina juu ya meza. Kila mmoja akaenda kutafuta lake katika vumbi la chaki. Langu nililipata la mwisho. Katika ile haraka lilikuwa limebanwa mahali fulani, ganda limechanika na vipande viwili vimeachana, na kile kichipukizi kidogo kilichokuwa ndani kimevunjika. Nilimwonyesha Mwalimu. Alilishika kwenye kiganja chake, akajaribu kuviunganisha vile vipande viwili. Nikalichukua nikalirudisha koponi vilevile.

Mkaguzi hakuondoka. Alichukua haragwe moja la njano lenye mzizi na moja la kwetu lililovimba tu, akayaweka kando kwa kando, akatuuliza: yote ni maharage, yote yamepata maji, siku ni zile zile, haya yana nini ambacho yale hayana? Tukakisia. Mmoja akasema ya Mwalimu ni ya dukani. Mwingine akasema ya Mwalimu yamepewa maji ya moto. Msichana mmoja wa nyuma, ambaye baba yake alikuwa na nyuki, akasema ya Mwalimu yamelala karibu na moto, yetu yamelala kwenye baridi. Hapo Mwalimu Tweve akasahau kwamba anakaguliwa. Akauliza tutajuaje kama ni kweli. Tukabishana. Mwishowe tukakubaliana nusu ya makopo yaende kwenye jiko la shule, nusu yabaki darasani. Kengele ililia, hakuna aliyeinuka.

Lakini cheti hakikutoka siku hiyo. Mkaguzi alifungua fomu yake, akaandika jina na tarehe, akaacha sehemu iliyobaki wazi. Alimwambia Mwalimu Tweve mbele ya Mwalimu Mkuu kwamba hawezi kuandika somo ambalo halijaisha, na kwamba atarudi Ijumaa ya wiki ya pili. Akamwambia awe anaandika kila siku alichokiona, hata kama ni kidogo.

Siku nane zile hazikumpa mtu raha. Mwalimu Tweve alikonda. Walimu wenzake walimcheka, wakimwita Bwana Jikoni, na baadhi walimkasirikia kwa sababu sasa Mwalimu Mkuu alianza kuchunguza maandalio yao pia. Kila asubuhi tuliimba mchakamchaka huku macho yakiwa mlangoni mwa darasa. Maharage ya jikoni tuliyakuta yameota Jumatatu. Ya darasani yaliendelea kulala, Jumanne, Jumatano. Alhamisi, siku ya kumi na moja, moja likatoa ncha nyeupe, ndogo kama punje ya chumvi, na Lutengano, ambaye ndiye mwenyewe, alikimbia kuniita mimi kabla ya kumwita Mwalimu.

Mkaguzi aliporudi alisoma kurasa zote. Zilikuwa chafu, zimekatwakatwa, zina alama za vidole vyenye udongo; mwandiko ule wa kupendeza haukuwepo tena. Alisoma mpaka akafika mstari wa mwisho, ambao Mwalimu Tweve alikuwa ameuandika asubuhi hiyo baada ya kututaka kila mmoja asome ubaoni hali ya kopo lake. Nami nilisoma la kwangu, silabi kwa silabi, naye aliningoja. Mstari wenyewe ulisema hivi: "Haragwe la Atuganile limeoza. Halikuota kwa kosa langu, si kwa baridi."

Mkaguzi akatoa kalamu, akatia saini chini ya mstari huo huo. Fomu ya cheti aliijaza baadaye, nje, akiwa ameiweka juu ya tandiko la baiskeli yake. Alipokwenda shule nyingine akalisimulia tukio hilo, na huko nako wakalisimulia, mpaka maneno yale yakazoeleka kwa walimu wa milimani huku. Anayeyasema leo mara nyingi hajui kulikuwa na haragwe jeusi.

Je, Mwalimu Tweve alikuwa mdanganyifu? Nimeliwaza swali hilo miaka mingi na sina haraka ya kulijibu. Alifundisha hapa mpaka alipostaafu. Nilipoanza kazi nilipewa chumba jirani na chake, na nilimwona kila siku: watoto wakiondoka, ndipo anapofungua daftari na kuandika penye maoni.

Yusta, tumefika makopo mangapi? Ishirini na tisa. Basi tuyaache hapo, jua limeshuka na vidole vyako vimekufa ganzi. Kumi na sita yaliyobaki tutayatoboa kesho kabla ya mstari, na mbegu tusiziweke sisi. Watoto watakuja na zao. Gwamaka, nipe daftari hilo nione. Lengo umeandika vizuri. Zana, sawa. Hapa uliposema siku ya nne, futa, andika "tutatazama." Na hapa chini ulipojaza kwamba somo limeeleweka, kata mstari mmoja, usichafue. Pabaki wazi. Kesho nendeni mkatazame. Mbegu haisomi andalio.