Karibu ya Bi Mwanamvua

Palikuwa na tajiri mmoja, Bwana Shekuwe, aliyekwisha kununua mtaa mzima isipokuwa kibanda kimoja. Kibanda hicho kilikuwa cha Bi Mwanamvua, mpika mikate ya mofa, mwanamke fukara wa kila kitu ila ulimi. Alikirithi kwa mamake, na hakuwa na pengine pa kulaza ubavu. Tajiri alitaka kukivunja ajenge ghala. Akabembeleza, akatisha, wapi! Bibi hauzi.

Asubuhi moja akapiga hodi, kafuatana na mashahidi wawili. Bi Mwanamvua, mikono imejaa unga, akaanza kuinuka amtandikie mkeka. Akasema lile asemalo kila mwenye adabu zake: "Karibu, bwana. Hapa ni kwako." Wakajibizana kama ilivyo desturi, tajiri akanywa kahawa, akaenda zake. Kesho yake akamshitaki kwa kadhi. Nyumba kapewa mbele ya watu, na bibi hataki kutoka!

Kadhi akamuuliza kama kweli aliyatamka maneno hayo. Bi Mwanamvua, kaketi mkekani, akakiri. Roho ilikuwa juu juu, maana kadhi huyo hakukosa pilau ya tajiri hata Ijumaa moja.

"Ile ni adabu tu," akasema. "Kama imekuwa kesi, nalirudisha neno langu."

"Halirudi," tajiri akadakia. "Neno mbele ya mashahidi ni mkataba. Halifutwi mpaka wote wawili waridhie."

Kadhi akaafiki kwamba ndivyo.

"Kila neno?" akauliza Bi Mwanamvua.

"Kila neno."

Akamgeukia tajiri. "Hata lako, bwana?"

"Langu zaidi. Mimi mtu wa biashara."

Bi Mwanamvua akawageukia mashahidi, akawataka waseme tajiri alimjibu nini alipomwona anataka kuinuka. Wakatazamana. Kiapo walikwisha kula, hawakuwa na pa kupenya. Mmoja akasema kwa shida, "Alimjibu, 'Starehe, bibi. Kaa hapo hapo.'"

Baraza zima likaangua kicheko. Kadhi naye akajifanya anakohoa.

"Umesikia, Kadhi," akasema Bi Mwanamvua. "Mimi nimempa nyumba, yeye kaniambia nikae. Mpaka lini, hakutaja."

Tajiri uso ukamwiva. "Neno hilo nalifuta sasa hivi. Inuka, utoke kwangu!"

Bi Mwanamvua akaikunja miguu yake vizuri.

"Ngoja kwanza niridhie."