Ukili wa Mize

"Suka ukili, mkeka utajijua."

Ndiyo hiyo. Mmeisikia leo kule harusini, shangazi mtu akimwambia bibi harusi, basi mkaja mbio kuniuliza imetoka wapi. Mngekuwa mnakimbia hivi nikiwatuma maji, mtungi wangu usingekauka. Haya, kaeni. Aliyekalia kanga yangu ainuke kwanza. Methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji kimoja cha Pemba, upande wa mashamba ya karafuu, alikuwapo fundi cherehani akiitwa Faki. Hakuwa fundi wa kubabaisha. Kanzu yake ilimkaa mtu kama amezaliwa nayo. Na siri yake yote ilikuwa kupima. Alikupima bega, akalipima tena, akakutazama kama anakushuku umelibadilisha, akalipima mara ya tatu. Kitambaa hakikuguswa mpaka kimechorwa chote kwa chaki. Ukimharakisha, atakuambia: "Mkasi haurudi nyuma."

Sasa huyu Faki alikuwa na tamaa moja iliyowashangaza wenziwe. Alitaka kuandika riwaya. Si barua ya posa, wala si shairi la kumsifu kadhi. Kitabu kizima, chenye watu na mambo yao. Na kwa tabia yake akaanza kwa kukipima. Alichukua zile karatasi ngumu za kaki anazokatia vielelezo vya nguo, akazibandika ukutani mwa kibanda chake, akachora humo kila sura: nani anaingia, nani anatoka, nani anamwoa nani na kwa mahari gani. Mwenye hadithi alikuwa mwanamke aitwaye Mwatima. Katika karatasi ya mwisho Mwatima anakufa akijifungua, na mumewe anabaki na mtandio wake mkononi. Faki alikuwa akiitazama karatasi hiyo, machozi yakamlenga, akafurahi kweli kweli.

"Nitautoa machozi mji mzima," alijigamba kwenye baraza ya kahawa.

"Lini?" wenziwe wakamjibu. "Mpaka buibui wameshaweka maskani kwenye karatasi zako."

Maana hakuwa ameandika hata ukurasa mmoja.

Mkewe aliitwa Mize, msusi wa mikeka. Faki alikuwa mtu mgumu wa maneno matamu, lakini kila gauni alilomshonea mkewe alimpima upya, kama ndiyo kwanza anamwona. Watu wakicheka. Wacheke, hawajui raha ya kupimwa.

Mimba mbili zilikuwa zimemtoka Mize. Aliposhika ya tatu, mkunga wa kijiji, Bi Raya, alimminya tumbo, akamtazama machoni, akasema: "Hii tuitakayo tutailinda. Lala. Si kukaa, mwanangu, kulala. Ukiinuka kupika, ukiinuka kufagia, ukiinuka kuchungulia nani kapita na nani, usije ukanililia."

Msimu wa karafuu ulikuwa umeingia. Wanawake wote walikuwa mikarafuuni au kwenye majamvi wakianika. Mize alilala peke yake chumbani kama mzigo uliosahauliwa bandarini, akiwasikia wenziwe wakipita na vicheko vyao. Mikono yake ndiyo iliyomsumbua. Haikuzoea kutulia. Basi akaomba aletewe ukindu, akawa anasuka ukili kitandani, chali, mikono juu ya tumbo.

Msiojua ukili, sikilizeni, maana nyinyi mmezaliwa mikeka ya plastiki imeshafika. Ukili ni ule utepe mwembamba wa majani ya ukindu. Msusi huusuka mrefu, akauviringa, akazidi kusuka. Siku ya kushona ndipo utepe ule hupangwa ubavu kwa ubavu, ukawa mkeka, au msala, au kapu. Kabla ya siku hiyo ni ukili tu. Tena kwetu mwanamke aliyekwisha kupoteza hamwandalii mtoto kitu kabla hajamwona. Hanunui nguo, hatengezi kitanda, hata jina halitaji. Kwa hiyo Mize alisuka, na hakuna aliyemuuliza anasukia nini.

Faki alipoona mkewe anaanza kuutazama mlango kama mfungwa, akapata shauri. "Nikusomee hadithi yangu?"

"Ile ya ukutani? Ina hata neno moja?"

"Itakuwa nayo jioni."

Na kweli, jioni ikawa nayo. Asubuhi aliandika kibandani, katikati ya suruali mbili, na baada ya alasiri alikaa ukingoni mwa kitanda akasoma. Alifuata karatasi zake kama mtu anayefuata mstari wa chaki, hapindi huku wala kule. Mize alisikiliza huku akisuka, na hakuutazama mlango tena. Siku hazikupita nyingi, jirani yao Bi Kazija akapita kuomba chumvi, akasikia, akasahau chumvi. Kesho yake akaja na kigoda chake.

Mambo yakaenda hivyo mpaka Mwatima wa kitabuni akashika mimba.

"Na yeye!" Mize akapiga makofi. "Masikini, Mungu amjaalie. Faki, mpe mkunga mzuri. Mpe Bi Raya."

Faki akafunga karatasi zake. Sasa aliona alichokifanya. Ukutani mwa kibanda kulikuwa na karatasi ya mwisho, na Mwatima amekufa humo tangu zamani, kabla hata hajazaliwa.

Kesho yake hakusoma. Alisema sindano ya cherehani imevunjika. Siku iliyofuata alisema ana nguo za watoto wa skuli. Ya tatu akasema macho yanamuuma, na Bi Kazija, ambaye ulimi wake haukuwahi kuwekewa mlango, akamjibu, "Macho yanakuuma ya kusomea tu? Ya kunyemelea sufuria mbona mazima?"

Mize hakucheka. Aliendelea kusuka, macho kwa mumewe.

Siku ya nne Faki alirudi adhuhuri akamkuta mkewe amesimama. Amejifunga kanga kiunoni, mkono mmoja umeshika mwimo wa mlango, miguu inamtetemeka.

"Mize! Unakwenda wapi?"

"Kwenye majamvi, kwa wenzangu."

"Bi Raya kasema nini?"

"Kasema nilale. Nimelala. Lakini kulala na hadithi ni kulala, Faki, na kulala bila hadithi ni kuhesabu. Nahesabu zile mbili zilizotoka. Naanza upya, nahesabu." Akamtazama. "Unamuua, siyo?"

"Nani?"

"Usinifanye mtoto. Mji mzima unajua ulisema utatutoa machozi. Ametiwa mimba, wewe ukapata ugonjwa wa macho. Unamuua Mwatima."

Faki akatafuta uongo mfukoni mwake, asiupate. "Ndivyo nilivyopima," akasema.

"Basi pima upya."

"Nimejaribu. Nimekaa siku tatu na ile karatasi. Nikikitoa kile kifo, vyote vilivyokuja kabla yake vinaning'inia. Kitabu kinakuwa hakina mwisho. Sijui kinakwenda wapi, Mize. Mimi sijui kukata kitambaa nisichokijua."

"Laza kwanza miguu yangu, halafu uniambie usichokijua."

Akambeba mpaka kitandani. Alikuwa mwepesi kuliko alivyomdhania, na hilo likamtia hofu zaidi. Mize akavuta pumzi, akauchukua ule ukili, uliokuwa umeshaviringwa mnene kama tairi la baiskeli, akamtilia mapajani.

"Hii nini?" Mize akamwuliza.

"Ukili."

"Wa nini?"

Faki akaugeuza ule ukili mapajani. Lile halikuwa swali la kujibiwa katika nyumba ile.

"Umeona?" Mize akasema polepole. "Huthubutu kusema, na mimi sithubutu. Sijui kama nitashona mkeka wa mtu mdogo, au nitauza kapu sokoni niwe nawakwepa wanaoniuliza hali. Sijui upana, sijui urefu. Ningekuwa fundi cherehani ningekaa nisubiri nijue, na mikono yangu ingeniua. Lakini kila siku nasuka pima moja, urefu wa mikono miwili ikinyooshwa, na ile pima moja naisuka vizuri. Nayo ndiyo inayonifikisha magharibi."

"Na Mwatima?"

"Usiniahidi atapona, hujui. Wala usiniambie atakufa, hujui vilevile. Ulikuwa unajua kwa sababu ulikuwa peke yako na karatasi. Sasa sisi tuko naye. Niandikie kesho yake tu. Anaamka, anafanya nini? Suka ukili, Faki. Mkeka utajijua."

Faki alishika miguu ya mkewe, akawa anaikanda mpaka ikaacha kutetemeka.

Alasiri akaenda kibandani, akazibandua karatasi zote. Hakuzichana, maana alikuwa Mpemba na karatasi ilikuwa ghali. Alizigeuza vielelezo vya kola. Mwaka ule watoto wa skuli walivaa shingoni kola zilizokatwa juu ya mahari ya Mwatima na ugomvi wa mawifi zake, na hawakujua.

Tangu hapo alikaa kila asubuhi mbele ya ukurasa mtupu. Hakuuliza mwisho. Aliuliza: leo ameamka, anafanya nini? Na mambo yakaja ambayo hakuyapima. Mbuzi mmoja akaingia sura ya saba kula magome ya muhogo, akakataa kutoka. Faki alimfukuza kwa kila njia na kila alipogeuka mbuzi yumo. Mama mkwe, aliyekusudiwa awe katili, siku moja alimletea Mwatima uji wa pilipili manga, akakaa naye mpaka akaumaliza. Faki mwenyewe alishangaa. Kuna mahali aliposoma akacheka kabla ya wasikilizaji, kwa kuwa na yeye ndiyo kwanza anaijua habari.

"Mbuzi huyu wa nani?" Bi Kazija akauliza.

"Sijui bado."

"Mwandishi gani hajui mbuzi wake!"

"Mwache," Mize akasema, mikono ikienda. "Asuke."

Na Mize alilala. Alilala mpaka karafuu zikaisha kuanikwa, mpaka mvua za vuli zikapiga bati, mpaka tumbo likawa mlima na ukili ukawa hauingii tena chini ya kitanda.

Uchungu ulimshika asubuhi moja, jua likiwa limechomoza. Bi Raya alimtoa Faki nje kama anavyotolewa kuku jikoni. Akakaa kwenye ngazi ya baraza, na kwa kuwa hakujua la kufanya na mikono yake, akachukua kalamu. Mwatima naye alikuwa ameshikwa na uchungu tangu juzi, na Faki alikuwa ameogopa kumsogeza. Chumbani sauti ya Mize ikapanda. Faki akaandika: Mwatima akaomba maji. Sauti ikapanda tena. Akaandika: akanywa, akasema yana moshi. Hakuandika zaidi ya alichokiona mbele ya kalamu. Kila ukimya ulipoingia ndani alitaka kukimbilia mwisho, mwisho wowote ule, ajue tu. Naye akajizuia, akamwandikia yule mwanamke pumzi moja, kisha nyingine. Mwandiko wake siku ile unaonekana kama kuku kapita na tope miguuni.

Jua lilikuwa utosini alipolia mtoto.

Faki hakuinuka. Alisubiri sauti ya pili, ya mkewe. Ikaja, chovu, na ya kugomba kidogo: "Mwambieni aingie basi, au anapima mlango?"

Alikuwa msichana. Faki alimshika, mikono ile iliyozoea vitambaa, akamtazama kichwa hadi unyayo, na mara hii hakutoa tepu. Mize akamwuliza, macho kayafumba: "Na mwenzangu?"

"Yumo anakunywa maji," Faki akasema, akilia. "Nimemwacha anagombana na moshi."

"Basi ataishi huyo," Mize akasema, akalala usingizi.

Arubaini zilipotimia, Mize aliushona ule ukili. Ulikuwa mwingi kupita mtoto yeyote. Ukatoka mkeka mpana, wa kukaliwa na mama, baba, mwana, na Bi Kazija akija bila kigoda.

Majirani walipokuja kumwona mtoto, wakaanza yale yetu. Mmoja akamshika vidole, akasema huyu mrefu, atakuwa daktari. Mwengine akasema hapana, kwa kelele hizi atakuwa mwanasheria. Wakamgeukia baba mtu, wakijua tabia yake ya kupima.

"Ee Faki! Wewe ndiye fundi. Umeshamkadiria? Huyu atakuja kuwa nani?"

Faki alimpakata binti yake, akampangusa maziwa kidevuni kwa ncha ya kanzu.

"Leo amekula, ameshiba," akasema. "Suka ukili, mkeka utajijua."