Bi Chura na Jambo Lisilo na Jina

Paukwa!

"Pakawa!"

Ebo! Mnaitikia kama mliofiwa. Paukwa!

"Pakawa!"

Haya. Leo sitaki kicheko. We Kibwana, acha kuchokoa moto, sogea huku usikie.

Hapo zamani za kale, chini ya kilima chenye msitu, palikuwa na kisima cha Bi Chura. Maji yake meupe, ukidondosha sindano unaiona. Humo ndimo walimocheza wanawe, viluwiluwi wadogo. Basi juu kilimani akahamia Ngiri mchoma mkaa. Akakata mti, akakata mti, akakata mti. Kila mvua iliponyesha, udongo ukateremka mpaka kisimani.

Bi Chura akaenda barazani kwa Jumbe Chui.

"Shikamoo, Jumbe. Maji yangu yamekuwa mekundu, wanangu wanakosa pumzi!"

"Marahaba. Jambo lako lina jina gani?"

"Jina? Mimi sijui jina, Jumbe. Njoo uone!"

"Hapa jambo lisilo na jina halisikilizwi. Nenda zako."

Ngiri alikuwepo, akacheka mpaka kitambi kikatikisika. Mnajua nyama ya Jumbe ilichomwa kwa mkaa wa nani? Mkono mtupu haulambwi, na mkono wa Bi Chura ulikuwa mtupu.

Akapanda kilimani, ruka, ruka, ruka. Akamkuta Kigogota, ndege mtoboa miti, juu ya kisiki, hana tundu la kulala.

"Ndugu yangu, hii inaitwaje?"

"Ukataji miti ovyo. Mizizi ndiyo iliyoushika udongo."

Akarudi mbio barazani. "Ukataji miti ovyo, Jumbe!"

"Hilo ni jina la visiki. Wewe umelalamikia maji. Nenda zako."

Akapanda tena, ruka, ruka, ruka. Akamkuta Mchwa, nyumba yake imebomoka ndani ya korongo jipya.

"Ndugu yangu, hii inaitwaje?"

"Mmomonyoko wa udongo. Ardhi ikiwa uchi, mvua huibeba."

Akarudi tena barazani. "Mmomonyoko wa udongo, Jumbe!"

"Hilo ni jina la udongo. Nenda zako."

Mshenzi yule! Bi Chura akarudi kisimani, ruka, ruka, ruka. Akamkuta Kambale amepanua kinywa.

"Uchafuzi wa maji, dada," akasema Kambale. "Hata mimi niliyezoea tope limenishinda."

"Na wanangu?"

Kambale akageuza uso. "Wamo chini ya tope, dada."

Safari hii hakuruka. Alikwenda akijikokota.

"Uchafuzi wa maji," akasema.

Jumbe akafurahi. "Naam! Sasa jambo lina jina. Tutalijadili mwezi ujao."

"Mtajadili nini? Wanangu wamekufa mkiniuliza jina!"

Akawapa mgongo, akaenda kukaa juu ya kisima chake.

Kiangazi kikaja. Msitu hakuna, mvua nayo ikasusa, mito ikakauka. Huo ndio ukame. Jumbe akaja kisimani, ulimi nje, wanyama wote nyuma yake.

"Bi Chura, maji, tafadhali."

"Jambo lako lina jina gani?"

"Kiu!"

"Hilo ni jina la koo lako. Nani kaileta?"

"Ngiri."

"Ngiri alikata. Nani alimwachia?"

Jumbe akatazama chini. "Mimi."

"Sema wasikie!"

"Mimi! Nilikula nyama iliyochomwa kwa mkaa wake, nikakaa kimya!"

"Haya, kunywa."

Bi Chura akasogea kando. Jumbe akainama kwa pupa. Tope tupu, lile lile lililowafunika watoto.

Ngiri? Alishahamia kilima kingine, mnono vile vile. Wanyama wakapanda miche, Jumbe mwenyewe akiibeba kichwani. Msiniulize maji yalirudi lini. Mti hauoti kwa sababu mtu kaona aibu.

Ngano yangu imeishia hapo, hasira yangu bado. Sasa, lile gunia la mkaa pale mlangoni, nani kalileta?

Mbona kimya? Semeni jina.