Nani Alilipanda Shamba la Bibi Sekela?

Sogezeni vigoda, na wa nyuma awaombe wa mbele wainamishe vichwa. Kisa hiki nawapa kizima, ila hukumu yake sina.

Bondeni huko Ileje aliishi Bibi Sekela na wanawe watatu. Atuganile, binti pekee na kifungua mimba, alijaliwa kumbukumbu: hakusahau kitu wala mahali kilipo. Ambilikile alijaliwa macho: akikitazama kitu, alijua kilizaliwa kwa kazi gani. Gwakisa alijaliwa mikono: chuma kilichovunjika kwa wengine, kwake kilipona.

Ukoo wao ulikuwa na mila moja. Mwaka mama anapoweka jembe chini kwa uzee, shamba lake huwa la mtoto atakayelipanda msimu huo. Shamba la Bibi Sekela lilikuwa ukanda mwembamba kando ya mto, udongo mweusi, na halikugawanyika. Ukilikata, ng'ombe hawana pa kugeukia. Mwaka huo mgongo wa bibi ulikataa. Wale kaka wawili walikuwa na mashamba ya mawe mlimani. Atuganile, aliyerudi kwao na watoto wawili baada ya ndoa kuvunjika, hakuwa na hata tuta. Misimu yote alikuwa amelipanda shamba lile kwa mkono pamoja na mama yake. Kila mtu alijua litakuwa lake. Naye alijua.

Basi mnunuzi wa chuma chakavu akaja, akapakia mkokotenini plau bovu la marehemu babu, ambalo kuku walitagia ndani ya kopo lake. Ambilikile alikuwa akipita. Akasimama, akachuchumaa.

"Teremsha," alisema. "Plau gani lina kopo? Na bomba hili, mbona mdomo wake uko nyuma ya ulimi? Ulimi unachimba, bomba linadondosha, gurudumu linafukia. Hii ni mashine ya kupandia, ya mstari mmoja."

Watu wakashika midomo. Miaka yote walilitukana plau lisilolima, kumbe halikuwa plau. Mnunuzi alikataa kuiacha mpaka Ambilikile alipomkabidhi redio yake, ile aliyolala nayo sikioni.

Gwakisa naye akaichukua. Akaiosha kwa mafuta ya taa, akaunyoosha ulimi motoni, akachonga mishikio mipya. Mnyororo wa kuizungusha ulikuwa umeliwa na kutu. Gwakisa akaufungua mnyororo wa baiskeli yake, akaufunga pale. Mkewe akamwuliza kama mnadani atakwenda amepanda mashine. Lakini gurudumu lilipozunguka, na ekseli, ile fimbo ya chuma ndani ya kopo, ikazunguka nalo, hata mkewe alibaki kinywa wazi.

Mvua ikanyesha. Ambilikile akaongoza ng'ombe, Gwakisa akashika mishikio, Atuganile akamimina koponi mbegu zote za mahindi za mama yake, zilizokaushwa juu ya moshi wa jiko. Ng'ombe hawakufika mbali. Puu! Mbegu zote zikamwagika mahali pamoja, kichuguu kizima.

Kisha jirani yao, Mzee Kibona, akauliza, "Mnapanda au mnazika?"

Watu wakacheka. Atuganile hakucheka. Alipopiga magoti kuziokota, aliona chini ya kopo duara tupu, na ekseli imesimama katikati bila kitu. Duara lile alilijua. Kilikuwapo kisahani cha chuma, tundu katikati, vitundu pembezoni, kila kimoja kinaenea punje moja ya hindi. Tangu utotoni alikitumia kufunikia chungu cha magimbi, maana kikifunikwa nacho hakifuriki. Jana tu alikisugua masizi.

Hapo hapo akajua jambo la pili, nalo lilimtisha zaidi. Akinyamaza, mashine itarudi kwa kuku. Yeye atashika jembe, na shamba litakuwa lake, bila mtu wa kubishana naye.

Akainua macho. Bibi Sekela, na mgongo wake ule, alikuwa ameanza kuinama ili amsaidie kuokota.

"Acha, mama," Atuganile alisema. "Ngoja." Akakimbilia jikoni.

Kisahani kikakaa mahali pake kama jicho kwenye tundu lake. Ng'ombe wakavuta. Tiki, punje. Tiki, punje. Jua halijafika utosini, shamba likaisha. Mzee Kibona akapita nyuma akifukua kwa kidole. Kila alipofukua alikuta punje, akaifukia tena.

Jioni ile Ambilikile akasema bila macho yake mashine ingekuwa sasa imeyeyushwa, kwa hiyo aliyelipanda shamba ni yeye. Gwakisa akajibu kwamba macho hayajawahi kuvuta mnyororo.

"Na mimi?" Atuganile akauliza. "Mlikuwa na kopo linalotapika, kaka zangu. Ningenyamaza tu, shamba lingekuwa langu."

Hakuna aliyekuwa amewaza hivyo. Bibi Sekela alimtazama binti yake kama aliyemwona leo kwa mara ya kwanza.

"Jembe nimeliweka chini," alisema mwishowe. "Sasa mnataka niinue kilicho kizito zaidi."

Hukumu hiyo hajaiinua mpaka leo. Mahindi yamechungulia, mistari iliyonyooka, na mwenye kuyapalilia hajulikani. Mmoja aliitambua mashine, mmoja aliiponya, mmoja aliikamilisha akijua anajipokonya shamba.

Nyinyi mliosikia, semeni: nani alilipanda shamba la Bibi Sekela? Na wewe unayetazama pembeni, ungekuwa mama yao, ungeamua vipi?