Panya Wasiougua

Panya wa Nangila walikataa kuugua. Dawa aliyotaka kuijaribu ilikuwa ya malale, ugonjwa uletwao na mbung'o, na dawa haijaribiwi kwa aliye mzima. Kundi la kwanza la panya liliugua kama ilivyotarajiwa. Kundi la pili, lililodungwa vimelea vya asili ile ile, lilirukaruka kizimbani, manyoya yaking'aa.

Mtafiti huyo, Mkenya aliyehamia Kampala kwa kazi, alikuwa amevichungulia vimelea hivyo kwa hadubini kabla ya kuvidunga, akaviona vikicheza kama viluwiluwi dimbwini. Vilikuwa hai. Basi hapa pana mkono wa mtu, akajiambia.

Mkono huo akaupa jina: Ayaa. Ayaa, binti wa askari kutoka Gulu, alikuwa kibarua wa kutunza panya. Tangu arudi kazini baada ya kujifungua, alikuwa akijifungia stoo kila adhuhuri. Siku moja Nangila alimwona akitoka humo na kichupa kilichoviringishwa kitambaa chini ya koti.

"Umebeba nini?"

"Ni kitu yangu tu, daktari," Ayaa alijibu, macho chini.

Shaka ikamea moyoni mwa Nangila kama magugu baada ya mvua. Si Ayaa ndiye aliyezoea kusema kuwa anawahurumia panya? Bila shaka anawatibu kwa siri! Tangu hapo, Ayaa akicheka, Nangila alisikia kejeli. Akisalimu, alisikia unafiki. Hatimaye alimshtaki kwa mkuu wa maabara, Mzee Obura.

"Fungua tuone," Obura alimwambia Ayaa mbele ya wanaume watatu.

Ayaa alikibana kichupa kifuani. "Hapana, ssebo," alimjibu mkuu wake kwa heshima. "Heri niende nyumbani."

"Nenda basi, mpaka tukuite."

Nangila alitoka kifua mbele. Ili kukamilisha ushahidi, alichukua tone la vimelea vilivyobaki, akalitia rangi, akalitazama kwa makini ambayo hakuwa nayo mwanzoni. Kimelea cha malale hubadili umbo: lipo la kukaa katika damu yenye joto, na lipo la kukaa tumboni mwa mbung'o, kwenye ubaridi. Hilo la pili likiingia kwa panya hufa bila kumdhuru. Vyote alivyoviona vilikuwa vya tumbo la mbung'o. Alikimbilia kabati la joto la kutunzia vimelea, akatia mkono. Taa yake iliwaka, lakini ndani mlikuwa na baridi. Lilikuwa limeharibika umeme ulipokatika, baada ya kundi la kwanza kudungwa.

Alimweleza Obura yote, kisha akashuka kwa miguu hadi Namuwongo, mtaa alioishi Ayaa. Alimkuta Ayaa mlangoni akimnywesha mtoto maziwa kutoka kichupa kile kile. Nangila akaelewa alichokuwa akikikamua stoo.

"Kwa nini hukusema, dada?"

"Niseme titi yangu mbele ya wanaume? Na kibarua akisema ananyonyesha, kesho iko mwingine kwa nafasi yake."

"Nimekukosea. Vimelea ndivyo vilivyobadilika. Mzee Obura anakuita urudi, na chumba cha kukamulia utapewa."

Ayaa alimpangusa mtoto mdomo, asiinue macho.

"Kwa panya nitarudi, daktari. Kwako, bado."

Nangila alirudi kwa njia ya kando ya reli peke yake, aibu ikimwelemea kuliko jua la alasiri. Kweli wahenga hawakukosea: mdhaniwa ndiye, kumbe siye.